Levosetirizini ya 5 mg badala ya setirizini ya 10 mg, nimepunjwa?

Swali: Mfamasia habari za Dodoma, mimi niko Mpwapwa, upepo na vumbi la msimu huu vimenimaliza kwa chafya na macho kuwasha. Nimezoea setirizini ya 10 mg, juzi duka la dawa wakanipa levosetirizini ya 5 mg, bei juu, wakasema ni ile ile. Nusu ya dawa inafanyaje kazi ile ile?

Jibu: Hujapunjwa ndugu yangu, ila hiyo "ile ile" ni nusu ya ukweli, tena nusu kwa hesabu kabisa. Ndani ya setirizini kuna kaboni moja imeshikana na vitu vinne tofauti, haidrojeni, naitrojeni na pete mbili ambazo moja ina klorini nyingine haina, sasa vikibadilishana nafasi viwili tu kati ya hivyo unapata molekuli yenye vitu vile vile ila imegeuka, hii ya kulia ile ya kushoto, na uizungushe utakavyo haifanani na mwenzake. Kidonge chako cha 10 mg kina zote mbili nusu kwa nusu, yaani 5 mg ya levo na 5 mg ya pacha wake.

Histamini ni kemikali ya mwili inayoleta chafya na kuwasha, na dawa hizi zinaizuia kwa kukalia risepta yake, yaani kipokezi chake. Risepta hiyo, ile H1, ni protini na yenyewe imejengwa kwa amino asidi za upande mmoja, ndo maana inabagua. Levo ikiingia mkia wake wa asidi unanasa kwenye lisini, amino asidi namba 191 ya risepta hiyo, na inakaa zaidi ya saa 2 haijaachia. Pacha wake anaingia pia, ila ni ndala ya kushoto mguu wa kulia, dakika chache kashachomoka na histamini inapata nafasi.

Homoni nazo ni hivyo hivyo. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba wanachokiulizia sana dirishani, ni levonorgestreli, pacha mmoja tu, mwenzake hana kazi kwenye risepta ya projesteroni.

Ila usianze kununua kila pacha anayeuzwa peke yake eti ndo bora. Ibuprofeni kwa mfano ina pacha mzembe lakini mwili wenyewe unamgeuza sehemu kubwa anakuwa yule mchapakazi, kwa hiyo hapo mimi sioni sababu ya kuongeza hela.

Kwako wewe, kama ya 10 mg inakutosha rudi kwenye ya bei rahisi, kusinzia zote zinaweza kukusinzisha. Usimeze zote mbili siku moja, hiyo ni kuzidisha dozi, na kama una shida ya figo sema kabla hujapewa maana zote zinatokea kwenye mkojo.