Barua ya ruhusa ya mtu asiyekwenda shule

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Elimu inashuka vijijini kwa Wajati wa kaskazini mwa India, wa kulaumiwa ni mwalimu au mzazi?", nimelikuta saa tano usiku nimeshazima taa, nikawasha tena. Mimi nimekaa mji wa Rohtak, jimbo la Haryana, miaka mitatu, nilikuwa nasoma chuo kama Wabongo wengi wanavyokwenda kusoma India, na hao Wajati mnaowasema ndio walikuwa mwenye nyumba wangu, muuza maziwa wangu na nusu ya darasa langu. Jibu langu ni mzazi, wala sisiti. Walimu muwaache.

Kwanza mjue shule za wale watu hazikushushwa na serikali kutoka mbinguni. Ni wakulima, ngano na miwa na nyati wa kufugwa, na zamani mtoto wa mkulima alikuwa hahesabiki shuleni, ndo wakajitafutia wenyewe. Kuna mzee wao Chhotu Ram, mtetezi wa wakulima, kazaliwa 1881 Garhi Sampla, pale pale jirani na Rohtak, akasoma mpaka akawa wakili, na picha yake utaikuta imetundikwa kijiji hadi kijiji. Mwaka 1913 Rohtak ilipata shule ya Wajati wenyewe. Halafu Bhagat Phool Singh, yeye alikuwa karani wa ardhi akaacha kazi, 1936 akaanzisha shule ya wasichana Khanpur Kalan, wasichana jamani, enzi hizo, na leo pale ni chuo kikuu cha wanawake. Kwa hiyo mtu akiniambia Mjati hajali elimu namwambia kaa chini.

Sasa nini kilitokea hapo katikati? Ngoja niwape kisa.

Machi 2012 jamaa yangu wa darasani alinialika kwao, nusu saa kwa basi kutoka mjini. Mimi nilijua naenda kula, maana kwa samli na mtindi Haryana hawana mpinzani, kumbe kesho yake mdogo wake ana mtihani wa darasa la kumi wa bodi, somo Kiingereza. Dogo alikuwa anasoma shule ya binafsi, ile ya kibao kikubwa barabarani "inglish midiam", tai nyekundu, basi la njano linampitia mlangoni. Shuleni kwenyewe alikuwa anaonekana kwa mwandamo wa mwezi, muda wake mwingi yuko akhara, uwanja wa mieleka, au yuko juu ya trekta. Dada yake, miaka kama kumi na minne hivi, alikuwa shule ya serikali ya kijijini, kwa miguu, kwa sababu ada ilitosha mtoto mmoja na mmoja mwenyewe mnajua ni yupi.

Basi asubuhi nje ya kituo cha mtihani palikuwa kama mnadani. Wajomba, kaka, pikipiki zimeegeshwa hovyo, vijana wamekwea ukuta kama wanaangalia mpira, kila mmoja ana kikaratasi, wenyewe wanakiita parchi. Askari yupo, amekaa kivulini anakula karanga. Sisi tulibaki nyumbani maana ndo ilikuwa makao makuu. Nusu saa mtihani umeanza, pikipiki ikaingia uani, swali limeandikwa nyuma ya tiketi ya basi: andika barua kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya siku tatu. Wote wakanigeukia mimi. Kwani si unatoka Afrika, si mnasoma kwa Kiingereza?

Nikaandika. Sitajitetea, nilikuwa mgeni nimekula vyao siku mbili, nikakaa chini ya mwarobaini nikaandika barua moja nzuri kweli, aya tatu, na sababu ya msiba nikaitungia. Yule binti alikuwa pembeni anapiga mikate ya kinyesi cha nyati, ile ya kukausha wawashie moto, akaja mikono imetapakaa mpaka kwenye viwiko, akanyoosha shingo akasoma. Akaniambia kaka, hii watampa sifuri. Sifuri kwa nini? Akasema haiko hivyo, akasimama wima kama yuko gwaride akaitiririsha barua yote kutoka kichwani, Mheshimiwa Bwana, kwa unyenyekevu mkubwa naomba kusema kwamba tangu jana usiku nimeshikwa na homa, mpaka mwisho, mwanafunzi wako mtiifu, hata alama za koma alizitaja. Nikaandika ya kwake, yangu nikaichana. Ila nikamuuliza yale maneno ya mwisho, "nitakuwa mwenye wajibu kwako", maana yake nini? Akacheka, akaziba mdomo kwa kiwiko. "Sijui, lakini ndivyo ilivyo."

Barua ikaondoka kwa pikipiki. Jamaa aliyeipeleka akaja kutuhadithia kwa furaha kwamba hakukuwa na haja hata ya kupanda ukuta, msimamizi mwenyewe alifungua dirisha akanyoosha mkono akaipokea. Mwalimu huyo.

Jioni baba yao mkubwa, wanamwita Tau, mzee wa kilemba cheupe, alikuwa barazani na hukka yake, kiko cha maji, akaniuliza ulimwandikia nini mtoto. Nikamwambia barua ya kuomba ruhusa asiende shule. "Huyo?" Alikohoa mpaka tukaenda kumletea maji.

Dogo alifaulu, Kiingereza alipata sitini na kitu. Msiniulize mimi najisikiaje.

Sasa naona hapa naandika mzazi mzazi lakini hebu tuwe wakweli. Babu wa jamaa yangu alikuwa na shamba la kueleweka, likagawanywa kwa wanawe, likagawanywa tena kwa wajukuu, baba yake kabaki na kama ekari mbili na watoto wanne. Ekari mbili haimlishi mtu, kwa hiyo ni ajira ya serikali, au jeshi, au kuuza hizo ekari umpeleke mtoto ng'ambo. Jeshini wale ndo kwao, saa kumi alfajiri unasikia vijana wanakimbia barabarani, halafu 2022 ukaja mpango wa serikali unaitwa Agnipath, unaingia jeshi miaka minne tu na wanaobakizwa ni robo. Na ajira ya serikali inataka cheti, cheti siyo maarifa. Hata kugombea uongozi wa kijiji, sheria ya Haryana ya 2015 inadai wanaume wengi wawe wamefaulu darasa la kumi, kwa hiyo Tau na akili zake zote hagombei, ila dogo wangu wa barua anagombea! Mzazi anaona haya yote. Atamfungulia mwanawe dirisha au atamhubiria?

Na shule ya serikali waliihama wote wenye sauti, wenye mashamba makubwa, wakabaki watoto wa vibarua na wasichana, hapo choo kikiziba nani atakwenda kupiga kelele kwa mkubwa? Hili hata huku kwetu tunalijua. Halafu msidhani ni la Wajati peke yao, utafiti wa elimu unaoitwa ASER wa 2018 ulikuta vijijini India nzima ni kama nusu tu ya watoto wa darasa la tano wanaoweza kusoma habari ya darasa la pili.

Nilisema walimu muwaache. Naanza kujuta. Kuna kesi kila mtu Haryana anaijua, walimu 3,206 wa shule za msingi walioajiriwa kwa orodha za kughushi, na Januari 2013 waziri mkuu wa zamani wa jimbo, Om Prakash Chautala, Mjati, akafungwa miaka kumi. (Huko gerezani akafanya mtihani wa sekondari, ana miaka themanini na kitu. Kwa kweli nilicheka.) Sasa nauliza, mtu akiona kazi inagawiwa kwa orodha za namna hiyo, akija kusimamia mtihani atafunga dirisha kwa ujasiri gani?

Kwa hiyo mhariri nihamishieni kura, niwekeeni mwalimu. Asilimia hamsini na moja, na ninamaanisha yule wa dirishani, siyo yule aliyemfundisha binti akaikariri barua yote, ingawa na yeye hakumwambia maana yake. Na anayeajiri hamkumuweka kwenye chaguo, hilo kosa lenu.

Mwezi uliopita jamaa yangu kanitumia meseji ya sauti, mtoto wa kaka yake anafanya darasa la kumi mwakani, Kiingereza kinamsumbua, eti bado unaandika zile barua? Nikamwambia si mumuulize shangazi yake. Akasema ameolewa upande wa Jind, na wakwe hawapendi apigiwe simu mchana.