Nguzo moja imebeba mbavu 22, mbona haipinduki?

SWALI: Mkuu, nimeona picha za kanisa la Jacobins kule Toulouse, Ufaransa. Kule mbele kuna nguzo moja tu imebeba dari lote la mviringo. Inasimamaje? Halafu nani alipanga nguzo katikati ya kanisa, si zinawaziba watu altare?

JIBU: Nianze na hilo la pili maana ndo limezaa la kwanza. Hilo ni kanisa la Wadominikani, shirika la wahubiri lililoanzia hapohapo Toulouse mwaka 1215. Kwenye miaka ya 1230 walijenga kanisa la kawaida tu, tofali na paa la mbao, na safu ya nguzo ikaligawa kwa urefu: kaskazini, karibu na nyumba yao, wanakaa watawa, kusini wanakaa raia. So hizo nguzo zilikuwa mpaka, na raia shida yao kubwa ilikuwa kusikia mahubiri, sio kuona altare.

Baadaye wakaongeza sehemu ya mbele yenye kuta za pembepembe, na kati ya 1275 na 1292 wakaipandisha juu na kuiezeka kwa dari la matao. Hapo ndo pakawa na kazi, kwa sababu ile safu inaishia katikati ya mviringo na mbavu za dari, yaani yale matao membamba yanayolibeba, kwa upande wa ndani hazina pengine pa kutua, zote zinaishukia nguzo moja. Wafaransa wanaiita mtende, na ukiitazama kutoka chini kweli huwezi kuiita kingine.

Sasa kwanini haipinduki. Kila ubavu una misukumo miwili, chini na pembeni. Zikiizunguka nguzo pande zote, wa kushoto anasukumana na wa kulia, wa mbele na wa nyuma, ile ya pembeni inamalizana yenyewe kwa yenyewe na nguzo inabaki na mzigo wa wima tu, na jiwe ukilikandamiza wima halina neno hata likiwa jembamba. Ndo maana imeweza kwenda mita 22 kabla mbavu hazijaanza kutawanyika, na dari lenyewe liko mita 28!

Kwenye ukuta, ambako ubavu unaishia kwa upande wa pili, ndo hakuna wa kusukumana naye, unasukuma nje peke yake. Angalia picha za nje, utaona mihimili minene ya tofali imeegemea ukuta kuanzia chini hadi juu, na nafasi kati yake wamezibananisha chapeli ndogondogo. Ukibomoa hiyo mihimili, mtende nao unakwenda.

Na limeteswa kweli hilo jengo, karne ya 19 jeshi lililifanya kambi, likafunga farasi humohumo ndani.