Shangazi, nimemkatia mwanangu ngano na maziwa sababu ya usonji, sasa hataki kula kabisa

"Shikamoo Shangazi. Niko Tanga, mwanangu wa kiume ana miaka 5, ana usonji na bado haongei. Wifi yangu yuko Marekani, akanitumia klipu kwamba nikimwachisha ngano na maziwa ataongea. Huu mwezi wa pili, unga naagiza Dar, kilo elfu 25, maziwa ya lozi ndo usiseme. Alikuwa anakula chapati, mkate, chipsi na maziwa tu, sasa kabaki na chipsi na amekonda. Mama mkwe anampa chapati kwa siri anasema namtesa mjukuu wake, baba yake kanuna. Nikiacha naona kama nimemkatia tamaa mwanangu. Nifanyeje? Mama J."

Marahaba Mama J, pole sana mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili mbili.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Ukiacha hiyo dayati hujamkatia tamaa mtoto. Mrudishie chapati yake leo leo jioni, na maziwa yake. Mtoto mwenye usonji kuchagua chakula siyo deko, ni harufu, ni rangi, ni jinsi kitu kinavyokaa mdomoni, sasa mtoto ana vyakula vinne tu na wewe umemwondolea vitatu kwa mpigo, lazima akonde.

Hiyo habari ya wifi yako ni ya zamani, imezunguka miaka na miaka. Wanasema gluteni ya ngano na kaseini ya maziwa zisiposagika vizuri tumboni zinapenya kwenye damu mpaka kwenye ubongo, zinamlevya mtoto kama afyuni. Ukiisikia inaingia akilini kabisa, ndo maana wazazi wengi wameifuata kwa moyo mmoja. Ila ilipopimwa haikusimama. Kule Rochester, Marekani, walichukua watoto 14 wa miaka 3 mpaka 5 wenye usonji, wakawaweka kwenye dayati hiyo kwa ukali, halafu wakawa wanawapa vitafunwa, vingine vina ngano, vingine maziwa, vingine vyote viwili, vingine havina kitu, na siyo mzazi wala mtafiti aliyejua mtoto kala kipi. Majibu yalitoka 2016: tabia, usingizi, choo, hakuna tofauti. Na Uingereza tangu 2013 mwongozo wao wa matibabu unasema wazi dayati hizi zisitumike kutibu usonji wenyewe.

Utaniuliza mbona kuna mama anaapa kabisa mwanawe alibadilika? Simwiti muongo. Mtoto wa miaka minne mitano anakua, leo hasemi kesho katamka neno, na mara nyingi dayati inaanza wakati mmoja na terapi na shule. Halafu kuna wale ambao tumbo lilikuwa linawauma kweli, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri maana hili wifi hakukwambia.

Watoto wenye usonji wengi wanasumbuliwa na tumbo, hasa choo kigumu. Asiyeongea hawezi kukwambia mama tumbo. Utamuona anajikunja juu ya mkono wa kochi, anaminya tumbo hapo, anajing'ata mkono, usiku anaamka analia, na watu wanasema usonji umepanda, kumbe hajapata choo siku ya nne. Chukua daftari, wiki mbili uandike amekula nini, amepata choo lini, kikoje, na amelia saa ngapi. Nenda nalo kwa daktari wa watoto, hospitali ya mkoa hapo Tanga, mwambie amshike tumbo. Akiona dalili za ugonjwa wa mwili kukataa ngano kuna kipimo cha damu, lakini mtoto lazima awe anakula ngano kila siku wiki 6 hivi kabla ya kupimwa, la sivyo kinaweza kuonyesha hana wakati anao. Unaona sasa kwanini nimekwambia chapati irudi.

Maziwa nayo usiyafute, punguza tu kama anakunywa vikombe vingi, akivuka nusu lita kwa siku anashiba maziwa, hali kingine, damu inapungua na choo kinakuwa kigumu. Ikitokea daktari mwenyewe amesema toa maziwa, basi kaa na afisa lishe mpange kalsiamu itatoka wapi, kwa mfano dagaa waliosagwa na miiba yao, maana Marekani walipima wavulana wenye usonji wasiopewa maziwa wakakuta mifupa yao ni myembamba zaidi.

Na unga wa elfu 25 wa nini jamani, uko Tanga! Hata ingelazimu kukaa mbali na ngano, kuna wali, ugali wa mahindi, muhogo, ndizi, vitumbua vya unga wa mchele, mkate wa kumimina. Weka kipande kidogo cha kitumbua pembeni ya chapati yake, usimlazimishe, akikigusa tu au kukinusa siku hiyo inatosha, kesho tena.

Mama mkwe usigombane naye. Amempa mtoto chakula anachokipenda, kosa ni ile siri tu. Mwombe aende na wewe kliniki, asikie kwa masikio yake na baba J awepo, ili kuanzia hapo mtoto apewe kitu kimoja na nyumba nzima.

Wifi yako mshukuru, anampenda mtoto. Mwambie chakula sasa kiko kwa daktari, na kama anataka kusaidia, achangie nauli na ada ya mtaalamu wa usemi, na wewe ile hela ya unga na maziwa ya lozi uipeleke hukohuko, huko ndo mtaanza kumfundisha kuomba kitu kwa picha wakati maneno bado hayajaja.