Maswali na majibu: IRS, sheria na haki yako ya kuhudumiwa

Leo nawajibu wasomaji wetu mnaoishi na kufanya kazi Marekani. Barua zenu kuhusu IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ni nyingi na zina hasira. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi.

Nilipiga simu IRS nikangoja mpaka ikakatika yenyewe. Mwenzangu kazini anasema ipo sheria inayowalazimisha kuhudumia watu vizuri. Ni kweli? (Columbus, Ohio)

Ipo, ndugu yangu, lakini haisemi simu yako ipokelewe baada ya dakika ngapi. Inaitwa Taxpayer First Act. Muswada wake uliwasilishwa na John Lewis, mbunge wa Georgia ambaye wengi tunamjua kwa harakati za haki za raia. Wabunge wa vyama vyote viwili waliuunga mkono, na Rais Trump akausaini tarehe 1 Julai 2019. Ndani ya mwaka mmoja IRS ilitakiwa iandike mkakati wa huduma kwa walipakodi, pamoja na mafunzo ya watumishi na utaratibu wa kukupigia wao badala ya kukuacha kwenye foleni ya simu.

Mkakati uliandikwa. Fedha za kuutekeleza hazikuja nao. Korona ikaingia, na katika mwaka wa fedha 2021 IRS ilipigiwa simu zipatazo milioni 282, watumishi wakapokea kama milioni 32. Katika kila simu tisa, moja tu ndiyo iliyofika kwa binadamu. Nafuu ilionekana baada ya sheria nyingine, ya Agosti 2022, kutenga takriban dola bilioni 3.2 kwa huduma hizi. Wahudumu wapya wakaajiriwa kwa maelfu, na katika msimu wa kodi wa 2023 IRS ikatangaza kwamba kiwango cha kupokea simu kimepita asilimia 80. Takwimu hiyo nayo ipokeeni kwa uangalifu, maana haihesabu kila simu inayopigwa. Nyingi huishia kwenye mashine au laini nyingine.

Msimamo wangu ni huu: Bunge likiagiza huduma bora bila kutoa fedha linamdhulumu mlipakodi, na linamdhulumu pia yule mtumishi anayetukanwa kutwa kwenye simu. Na katika sheria hizi zote, vifungu vinavyomsaidia mtu kweli ni vile ambavyo IRS ikichelewa, yenyewe inaumia. Mtaviona katika majibu yanayofuata.

Nimewasilisha ritani (fomu ya kodi ya mwaka) mapema lakini hadi leo sijarudishiwa fedha zangu. Nifanyeje? (Houston, Texas)

Kama ulidai nafuu ya kodi ya watu wenye kipato kidogo, EITC, au ile ya watoto inayorudishwa taslimu, fahamu kwamba sheria ya 2015 inazuia fedha hizo kutoka kabla ya katikati ya Februari. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Baada ya hapo, saa inahesabu upande wako. IRS ikipitisha siku 45 bila kukulipa, inadaiwa riba. Siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani, ambayo kwa kawaida ni 15 Aprili, au siku uliyowasilisha ikiwa ulichelewa. Huhitaji kuiomba riba hiyo. Kumbuka tu kuitaja kama kipato katika ritani ya mwaka unaofuata.

Ikiwa ucheleweshaji umekufikisha pabaya, pango la nyumba limekushinda au dawa hununui, jaza Fomu 911 uipeleke kwa Taxpayer Advocate Service. Hiyo ni ofisi ya kuwatetea walipakodi iliyo ndani ya IRS yenyewe, na kwa sheria ya 1998 kila jimbo lazima liwe na mtetezi wake. Huduma ni bure.

Nimeletewa barua ya rejista kwamba watakata mshahara wangu. Nimeiweka kabatini kwa woga. (Minneapolis, Minnesota)

Dada yangu, itoe kabatini leo. Tafuta tarehe iliyoandikwa juu, kwa sababu una siku 30 kuanzia hapo.

Sheria ile ya 1998 ilizaliwa baada ya kamati ya fedha ya Seneti, chini ya Seneta William Roth wa Delaware, kusikiliza malalamiko ya walipakodi mwaka 1997. Ilikupa haki ya kusikilizwa kabla mshahara au akaunti yako havijaguswa. Ukituma Fomu 12153 ndani ya siku hizo 30, ukataji unasimama mpaka shauri lako liishe, na usiporidhika unaweza kwenda Mahakama ya Kodi. Ukichelewa bado unaweza kuomba kusikilizwa, mradi mwaka haujapita, ila mlango wa mahakama utakuwa umefungwa na ukataji hausimami kwa lazima.

Sheria ya 2019 iliongeza jambo ambalo wengi hawalijui. Ofisi ya rufaa ilipewa uhuru wake kwa maandishi, na mtu mwenye kipato kisichozidi dola 400,000 kwa mwaka ana haki ya kupewa jalada lake angalau siku 10 kabla ya kikao cha rufaa. Liombe, usiingie kikaoni bila kujua wameandika nini juu yako.

Sijui Kiingereza vizuri. Mwanangu wa miaka 13 ndiye hunisomea barua na kuongea nao. Hakuna msaada wa Kiswahili? (Mama kutoka Kongo)

Mama, barua yako ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Mtoto asibebeshwe mzigo huo. Atajua madeni ya nyumbani kabla ya wakati wake, na akikosea neno moja ni wewe utakayelipa.

IRS ina fomu ya kuchagua lugha ya barua zake, Schedule LEP. Kiswahili hakimo. Kifaransa kimo, na Kiarabu pia, kwa hiyo kama ulisoma Kifaransa huko nyumbani, chagua hicho. Unapopiga simu au kufika ofisini kwao, omba mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Ni bure.

Kujaza ritani, nenda kwenye vituo vya VITA. Wanaojaza ni watu wa kujitolea waliofaulu mtihani, nao huwahudumia wenye kipato kidogo na wasiojua Kiingereza vizuri bila malipo. Sheria ya 2019 ndiyo iliyoingiza ruzuku ya vituo hivyo katika sheria za kodi. Ukiwa na mgogoro na IRS, tafuta kliniki ya kodi ya watu wenye kipato kidogo. Hupokea ruzuku kupitia IRS lakini haziko chini yake, na Chapisho 4134 linaonyesha ziko wapi na zinahudumia kwa lugha gani.

Na yule jamaa wa mtaani anayejaza ritani kwa fedha taslimu kisha hataki kutia saini yake, mkimbieni. Sheria inamtaka asaini.

Mtu alipiga simu akasema anakusanya madeni ya IRS, akataka nilipe kwa kadi za zawadi. (Dallas, Texas)

Tapeli. Kampuni binafsi za kukusanya madeni ya IRS zipo, lakini barua hutangulia simu, na hazipokei kadi za zawadi. Sheria ya 2019 pia inakataza kuzikabidhi deni la mtu ambaye kipato chake hakizidi asilimia 200 ya kiwango cha umaskini.

Wanaweza kufunga ofisi yao ya karibu bila kutuambia? (Portland, Maine)

Hapana. Sheria hiyohiyo inawataka watangaze siku 90 kabla.

Nadaiwa fedha ambazo siwezi kuzilipa hata nikifanya kazi mbili. Naweza kuomba wanipunguzie? (Louisville, Kentucky)

Unaweza, kaka. Ombi hilo huitwa Offer in Compromise. Ada yake ni dola 205, lakini kipato chako kikiwa chini ya asilimia 250 ya kiwango cha umaskini, sheria ya 2019 inakusamehe ada hiyo na malipo ya awali. Wasilisha kwanza ritani zote ulizokuwa hujawasilisha, la sivyo watakurudishia ombi bila kulijadili.

IRS isipolikataa ndani ya miezi 24, ombi linahesabika kuwa limekubaliwa. Muda ambao deni linabishaniwa mahakamani hauhesabiwi, na ombi lililorudishwa kwa kukosa nyaraka linakuanzisha upya. Litume kwa barua ya rejista na uitunze risiti ya posta.