Kabla ya Kufungua Kopo la Rangi, Fungua Turubai

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, mashua yangu nimeifunika vizuri tangu msimu ulipokwisha, haijaguswa na tone la mvua. Imebaki rangi tu niishushe majini. Unanishauri rangi gani?"

Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Kila nikiusoma naiona mashua yangu mwenyewe, mita saba za mbao, imefungwa kama mzigo wa safari, na mimi napita kando yake kila jioni nikijipongeza. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikaona hautatosha. Ndugu yangu, ya rangi tutaongea baadaye. Kaa kwanza nikusimulie.

Miaka minne iliyopita msimu ulipokwisha niliipandisha mashua nchi kavu, nikaiosha kwa maji matamu kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, ili kuondoa chumvi, na siku hiyo hiyo nikaifunika. Jua lilikuwa linakuchwa, sikungoja ikauke. Nilikuwa nimenunua turubai jipya, zito, nikapitisha kamba chini ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua, na kukaza kila upande mpaka upepo ukakosa pa kupenya. Ikakaa hivyo miezi mitano. Waliopita waliisifu kazi ile, nami nilizipokea sifa zao.

Siku ya kufungua, kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa harufu. Harufu ya uyoga, na ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahaulika sandukuni. Naandika hili kwa makusudi: niliisikia. Nikajiambia ni ubichi tu, jua likiingia utakwisha. Nikachukua msasa nikaanza kazi ya nje, kwa sababu kazi ya nje ndiyo inayoonekana.

Kwa kazi ya ndani nilimwita fundi. Sitamtaja, na kwa kisa hiki si lazima. Nilimwomba akague sehemu zote za chini, hasa mwashiri, ule ubao mnene wenye tundu unaopokea mguu wa mlingoti. Alikaa humo siku mbili. Alipotoka nilimwuliza waziwazi, "Umekuta kitu?" Akasema, "Iko tayari." Nikamlipa chote. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuta mahali palipolainika, akapachimba kidogo, akapajaza gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapapiga msasa na kupaka rangi mara mbili. Kazi safi sana kwa macho. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na naamini litaendelea kuniuma, kwa kuwa neno moja la kweli lingetosha.

Safari ya pili ya msimu tulikuwa watatu. Upepo uliongezeka mchana, tukawa tunakwenda joshi, kuelekea upepo unakotoka, na tulipobisha, yaani kugeuza upande, kwa mara ya tatu au ya nne nilisikia mlio chini ya miguu yangu, mzito, mfupi, kama gogo linapotua kwenye tope. Mlingoti ulishuka. Ulizama ndani ya mwashiri kiasi cha vidole vinne, na hapo hapo waya zote zinazoushikilia zikalegea. Mlingoti usio na cha kuushika, wenye tanga lililojaa upepo, unayumba kwa namna ambayo sitaki kuiona tena. Nilipiga kelele tanga lishushwe. Mdogo wangu aliyeshika henza, kamba ya kupandishia tanga, aliilegeza kwa haraka, kamba ikamvuta mkono hadi kwenye gofia, ile kapi inayopitia. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilivunjika. Tulirudi kwa makasia, yeye amekaa kimya ameukumbatia mkono wake.

Nilipoufungua mwashiri ule, ile ngozi ya rangi ilikuwa bado inang'aa. Chini yake mbao ilikuwa kahawia iliyoiva, imepasukapasuka vipande vidogo vya mraba kama udongo wa dimbwi lililokauka. Nilikichukua kimoja nikakibana kwa vidole. Kikawa unga.

Sasa sikiliza kwa nini. Wengi wetu tunadhani adui wa mbao ni bahari. Bahari ina maudhi yake, ina wadudu wanaotoboa mbao mpaka zikawa kama sega, lakini kuozesha namna ile ni kazi ya kuvu, na kuvu hawaipendi chumvi. Wanachokitaka ni maji matamu, joto la wastani na hewa iliyotuama. Mbao ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 20 hivi hawawezi kuanza kazi. Mimi niliwapa kila kitu: niliosha chumvi, nikaacha maji kwenye pembe, kisha nikafunga mlango. Usiku kulipopoa, mvuke uliomo ndani uligeuka matone chini ya turubai ukadondokea mbao. Mchana ukapanda tena. Miezi mitano mashua yangu ilinyeshewa mvua yake yenyewe.

Kwa hiyo, ndugu, unaposema haijaguswa na tone la mvua, mimi situlii. Nenda ukafungue leo. Ukifungua, usiguse kitu kwanza; ingiza kichwa unuse. Pua inajua kabla ya macho. Kisha toa mbao zote za sakafu, zote, hata ile iliyong'ang'ania, na uchukue bisibisi nyembamba pamoja na nyundo ndogo. Gonga kwa mpini wa nyundo ukisikiliza. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, ya juu. Iliyooza inameza pigo. Mahali palipomeza, chomeka bisibisi. Mbao nzima inaikataa. Anza na mwashiri, nenda kwenye maungio ya mataruma, zile mbavu za mashua, na mkuku, pembe za ndani za tezi, kingo za sitaha, na kandokando ya kila boliti, maana maji hufuata chuma kuingia ndani. Usiogope kuacha vitundu. Kitundu cha bisibisi unakiziba kwa dakika moja.

Ukikuta pamelainika, kata mpaka ufikie mbao nzima, halafu vuka hapo kidogo, kwa sababu kuvu hutangulia mbele ya kinachoonekana. Tia mbao mpya, kavu. Usijaze, usifunike. Na kama si wewe unayefanya kazi, simama pale pale inapofanyika. Sisemi mafundi wote ni waongo. Nimefanya kazi na mafundi walionifundisha mengi haya ninayokupa. Nasema mwenye chombo ndiye atakayekuwa juu yake upepo utakapokuja.

Jambo la pili ninalotaka ulisikie ni kalafati, yaani kuziba mianya kati ya mbao kwa pamba. Chombo kilichokaa nchi kavu miezi mingi mbao zake zimenywea, na mianya imefunguka kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Inatisha, na mkono unatamani kushindilia pamba mpaka isiingie tena. Usifanye hivyo. Mbao ikirudi majini itavimba, na ikikuta mwanya umejaa haina pa kwenda isipokuwa kusukuma. Misumari italegea na hata taruma linaweza kupasuka. Shindilia kwa kiasi, mahali palipolegea tu, na pamba iliyo nzima iache ilivyo. Ukishaishua, yaani kuishusha majini, ifunge mahali penye maji tulivu siku kadhaa. Itavuja. Siku ya kwanza utakumba maji mpaka mgongo ukuume, na pampu iwe tayari usiku. Siku ya pili yatapungua. Asiyeijua tabia hii hupandisha chombo juu siku hiyo hiyo, anaongeza pamba, na hapo anakuwa amejijeruhi mwenyewe.

Mengine nitayapitia haraka. Kwenye tanga, nyuzi za mshono huliwa na jua kabla ya kitambaa, hasa matanga ya poliesta ambayo nyuzi zake hukaa juu juu. Kwaruza mshono kwa ukucha wa kidole gumba, uzi ukikatika peleka tanga likashonwe upya. Vipande vya zinki vinavyolinda vyuma chini ya maji vibadilishwe vikiwa vimelika nusu, na visipakwe rangi kamwe, maana vikipakwa havifanyi kazi. Kila pini inayozuia waya za mlingoti iguse kwa mkono wako. Rangi kuukuu ya chini, ile ya sehemu inayozama majini, ina sumu: isugue kwa msasa wa maji, ukiwa umefunika pua na mdomo.

Na sasa rangi, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza. Kwa mashua ya mbao, rangi ya chini yenye shaba inafaa. Mashua ingekuwa ya alumini ningekukataza, kwa sababu shaba na alumini vikikutana katika maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika. Paka mbao ikiwa kavu. Ukipaka mbao mbichi umefunga tena mlango ule niliofunga mimi.

Msimu ukiisha, funika, lakini inua turubai juu ya boriti ya katikati, acha wazi omo na tezi upepo upite, acha mbao za sakafu nje, na zibua tundu la kutolea maji. Majirani watasema umeifunika ovyo. Waache waseme. Tunapenda sana kusifiwa, sisi wenye vyombo, na sifa hiyo ndiyo inayotufanya tupake kabla ya kugonga.

Mwaka huu nilifungua turubai langu nikakuta harufu ya mbao na kamba, basi. Niligonga kuanzia omo hadi tezi siku nzima. Siku ya kushua mdogo wangu alikuja kusaidia kusukuma. Hajapanda chombo tangu siku ile. Kabla hatujaisukuma aliniomba bisibisi, akainama ndani, akaichomeka kwenye mwashiri mpya mara tatu, mahali patatu, kwa mkono ule ule wa kulia ambao vidole viwili havikunjiki vizuri. Ikakataa kuingia. Akanirudishia bisibisi bila kusema neno, akarudi nyuma kwenye tezi, akaweka bega.

Asubuhi ya tatu nilipofunua sakafu, ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, ilikuwa na maji yasiyofika kikombe kimoja.