Barua kwa binti yangu anayeuliza kama doktora ina faida

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Bukavu. Baba yako hajambo, mvua zimerudi, na njia ya kupanda Kadutu ni matope matupu.

Umeniuliza kama inafaa uanze doktora ya baiolojia ya molekuli wakati wenzako wa darasa wameshapata kazi katika ONG, mashirika yasiyo ya serikali, na wanalipwa dola. Halafu ukaongeza neno lililoniuma: "Mama, wazungu wana mashine, sisi tuna damu tu."

Nakujibu kama mzazi, na pia kama mtu aliyezeekea labo. Anza. Lakini hilo neno la damu na mashine siwezi kuliacha lipite, maana yupo Mkongo mwenzetu aliyeishi nalo maisha yake yote.

Huyo ni Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi. Alipata doktora yake Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973, akarudi nyumbani. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kijiji cha kaskazini mwa Kongo, watu wakifa kwa homa ambayo hakuna aliyeijua. Alitoa damu ya wagonjwa bila glavu. Alipochomoa sindano, damu haikuganda, ikamtiririkia vidoleni. Akanawa kwa maji na sabuni, basi. Mtawa mmoja mgonjwa alirudi naye Kinshasa, damu yake ikapelekwa Ubelgiji, na huko kirusi cha Ebola kikaonekana. Kwa miaka mingi waliosimulia jinsi Ebola ilivyogunduliwa hawakumtaja. Ungeliandika neno lako wakati ule, ningenyamaza.

Ila yeye hakuacha. Mwaka 1995 Ebola ilizuka tena nchini, mjini Kikwit. Akafikiri: aliyepona, damu yake ina kitu. Wagonjwa 8 wakaongezewa damu ya waliopona, 7 wakaishi. Wataalamu wa nje hawakushawishika, na kisayansi walikuwa na hoja, kwa sababu hapakuwa na kundi la kulinganisha. Swali likabaki, naye akabaki nalo. Miaka 11 baadaye, mmoja wa waliopona Kikwit alitolewa damu, wakaichunguza Marekani. Bado ilikuwa na seli za kumbukumbu, zile zinazojua kutengeneza kingamwili, protini za mwili zinazopambana na kirusi, dhidi ya Ebola. Wakachagua kingamwili moja, wakaiita mAb114. Inajibandika kwenye protini ya kirusi, mahali pale pale kinapopahitaji ili kiingie ndani ya seli.

Kisha ugonjwa ukaja Kivu, unakumbuka tulivyokuwa tukinawa mikono kila mlango. Kuanzia Novemba 2018, huko Beni na Butembo, dawa nne zilijaribiwa, kila mgonjwa akipangiwa yake kwa bahati nasibu. Safari hii kundi la kulinganisha lilikuwepo: waliopewa dawa nyingine, ZMapp, karibu nusu walifariki, waliopewa mAb114, asilimia 35. Desemba 2020 Marekani ikaiidhinisha iwe dawa. Hesabu mwenyewe miaka tangu Kikwit. Mashine zilisaidia sana, sikatai. Lakini kujua ni damu ya nani iulizwe, na iulizwe swali gani, kulitoka kwa mtu aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa.

Na mambo yamebadilika. Angalia Kamituga, hapa hapa kwetu. Mwaka 2023 watu wazima wa machimboni walianza kutokwa na malengelenge ya mpox, ule ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani. Sampuli zilisomwa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kinshasa, na wenzetu wakakuta tawi jipya la kirusi, linaloitwa leo Ib. Herufi za jenomu yake, yaani maandishi yake ya urithi, zimebadilika kwa namna inayoachwa na kimeng'enya cha seli za binadamu, APOBEC3. Maana yake kirusi kilikuwa kinapita mtu kwa mtu, si kutoka kwa wanyama wa porini kila mara. Tena kipande cha jenomu kilikuwa kimekatika, kipande kile kile ambacho kipimo cha PCR cha tawi la I, lile kuu ambalo Ib imetoka kwake, kilikuwa kinakitafuta. Mwanangu, hapo ndipo ninapokuombea kazi hii kwa moyo wote. Kipimo kinasema hakuna, mgonjwa yuko mbele yako na vidonda vyake. Anayejua kubonyeza mashine tu anaandika "hasi" na kwenda nyumbani. Anayejua molekuli anauliza kwa nini. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS, Shirika la Afya Duniani, ilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia, na tawi hilo lilikuwa sababu kubwa.

Shida utaziona: umeme unakatika frigo ikiwa imejaa sampuli, vitendanishi, dawa za kufanyia vipimo, vinachelewa mpaka vinakaribia kuisha muda. Zinachosha. Usikubali kuanza kabla bourse, pesa ya kukusomesha, haijaandikwa kwenye karatasi, hata profesa akiwa mtu mwema namna gani.

Niandikie mada waliyokupa. Muulize pia profesa kama utaruhusiwa kwenda mwenyewe kwa wagonjwa kuchukua sampuli, na jenomu zitasomwa wapi. Akikujibu hayo mawili, nipigie simu jioni, baba yako akiwepo.

Mama yako