Kitufe kwenye safu, jumla juu ya skrini

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi? Namtengenezea mama programu ya Android ya kuandika madeni. Anauza nguo Gikomba. Kila mteja ana safu yake yenye kitufe cha "Amelipa". Safu ilikuwa ikiondoka, lakini jumla ya madeni juu ya skrini haibadiliki. Rafiki akaniambia ndani ya adapta (sehemu inayojaza safu za orodha) niigeuze konteksti (kiungo cha skrini inayotumika) iwe MainActivity, yaani skrini kuu, niisahihishe jumla kutoka humo. Ikakubali, hadi nilipoiweka orodha hiyo kwenye skrini ya ripoti: programu ikaanguka. Tena nikibonyeza harakaharaka, hufutwa mteja mwingine kabisa!
Msomaji, Umoja

JIBU: Msalimie mama. Huyo rafiki, mshukuru, kisha ufute alichokuandikia. Konteksti ya skrini ya ripoti si MainActivity na haitakuwa, ndiyo maana ukapata ClassCastException, kosa la kulazimisha kitu kiwe cha aina isiyo yake.

Adapta haina haja ya kujua imewekwa skrini gani. Kazi yake ni kutoa taarifa: huyu amebonyezwa. Ipe fankisheni (kipande cha msimbo cha kuitwa) unapoiunda, kwa Kotlin hivi:

class MadeniAdapter(private val amelipa: (Mteja) -> Unit)

Kitufe kiite amelipa(mteja), basi. Skrini ya madeni itapeleka habari hiyo kwa ViewModel, sehemu inayotunza data ya skrini, inayofuta deni, kupiga hesabu upya na kutoa orodha pamoja na jumla. Skrini ya ripoti itapitisha fankisheni yake yenyewe, hata isiyofanya lolote. Anayeandika kwa Java atumie intafesi yenye mbinu moja; maana ni ileile.

Kuhusu mteja asiye na hatia kufutwa, vidole vyako visilaumiwe. Nadhani umeihifadhi namba ya safu ndani ya onBindViewHolder, mbinu ya adapta inayojaza safu data yake. Ukiita notifyItemRemoved, yaani kuiarifu orodha kuwa safu imeondolewa, safu za chini husogea juu bila kujazwa upya, kwa hiyo kila moja bado imeshika namba yake ya zamani. Ondoa ya 3, kisha bonyeza iliyokuwa ya 4: atakayefutwa ni aliyekuwa wa 5. Ndiyo sababu fankisheni hapo juu inapokea Mteja, si namba. Futa kwa kitambulisho chake. Ukihitaji namba kwa lazima, iulize bindingAdapterPosition (namba ya safu kwa sasa) wakati wa kubonyeza, na ikijibu -1 usifanye kitu, maana safu hiyo huenda iko njiani kutoweka.

Jambo moja hukuuliza. Wateja wa mkopo hulipa kidogokidogo, leo mia mbili, kesho hamsini. "Amelipa" peke yake haitamfaa mama. Ongeza fankisheni ya pili, (Mteja, Int) -> Unit, ya kupokea kiasi alichotoa.